Makumbusho bila treni: shajara ya stesheni yetu

Stesheni yetu iko kwenye njia ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mjini mwaka 1893. Jina lake sitalitaja, na sababu mtaiona kwenye maandishi ya Novemba. Treni bado zinapita, ila hazisimami hapa. Dirisha la karani wa tiketi lilipigiwa misumari wengi wetu tukiwa shule ya msingi.

Tuko tisa tunaoigeuza stesheni hii kuwa makumbusho ya usafiri: wastaafu wawili wa reli, seremala, mama lishe, vijana watatu wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo, na mimi, mwalimu wa fizikia. Hakuna anayelipwa. Tulianza kuchanga Julai 2023, shilingi 20,000 kila mtu kwa mwezi. Daftari letu la fedha lina safu mbili: "Matumizi" na "Ada ya ujinga". Safu ya pili ni wazo la mama lishe. Naandika humu ili mwenye jengo kama hili asije akalipa ada tuliyokwisha kulipa sisi.

13 Januari 2024: kibali na paa

Kibali kimetugharimu miezi saba na safari sita. Barua tatu za mwanzo zilikuwa ndefu, zimejaa "urithi" na "vizazi vijavyo", na sidhani kama kuna aliyezisoma. Iliyokubaliwa ilikuwa ya ukurasa mmoja: mchoro wa jengo, orodha ya vitu ambavyo hatutavigusa (reli kuu, nguzo, nyaya), na muhuri wa serikali ya kijiji. Anayetaka kuiga aanzie hapo.

Paa lilikuwa la popo. Tuliwaacha watoke jioni, kisha tukaziba matundu. Kinyesi chao tulikimwagia maji kwanza ili vumbi lisiruke, tukavaa barakoa, tukatoa viroba kumi na moja. Mama lishe akavichukua vyote kwa ajili ya bustani yake. Bati 14 kwa 29,000 ni 406,000, mbao za kenchi 95,000, fundi 120,000. Jumla 621,000.

Ada ya ujinga: sifuri. Tukajiona mafundi.

17 Februari 2024: lipu

Kuta zilikuwa zimechubuka mpaka mawe yanaonekana. Tumepiga lipu ya saruji vyumba vyote viwili na ukuta wa mbele. Saruji mifuko 11 kwa 17,000 ni 187,000, mchanga tripu moja 80,000, fundi 150,000. Jumla 417,000. Ukuta umenyooka kama kioo, picha tumepiga.

11 Mei 2024: lipu imeanguka

Ramadhani iliingia katikati, kazi ikalala, na masika ya mwaka huu kila mtu anayajua. Tulipofungua mlango baada ya Idi tulikuta ukuta wa mbele umevimba matumbo mawili makubwa, kama mtu aliyemeza mpira. Nililigonga moja kwa kidole, likatoa sauti ya debe tupu. Wiki iliyofuata lilidondoka lote, na lilipodondoka likaondoka na uso wa mawe yenyewe. Hicho ndicho kilichoniuma. Saruji inanunulika, jiwe lililochongwa zamani hizo halinunuliki.

Mzee wetu wa gangi, mmoja wa wale wastaafu wawili, aliyekuwa kwenye kikosi cha kutengeneza njia ya reli, alikuja, akaokota kipande, akakigeuza. Nyuma kilikuwa kimelowa, na kina unga mweupe wa chumvi.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana sikuwa na la kusema.

"Marahaba, Mwalimu. Mmelivisha jengo koti la mvua, halafu maji yako ndani ya koti."

Maelezo marefu ni haya. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe na chokaa, hazina msingi wa kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini na kutokea usoni mwa ukuta, yakikauka na upepo. Chokaa kina matundu madogo, kinayaruhusu yatoke. Saruji haiyaruhusu. Maji yakikosa njia hukusanyika nyuma ya lipu pamoja na chumvi zake, na chumvi ikikauka hupanuka na kubandua kila kitu. Watu wa Pangani na Tanga mjini wenye nyumba za mawe wanalijua hili tangu enzi za mababu. Tungeuliza.

Tulivyorekebisha (haya nimeyaongeza baada ya kazi kwisha):

Tumekwangua saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo. Nyundo kubwa inapasua mawe. Vijana wanne siku tatu, 60,000.

Chokaa cha mfuko tumekiloweka kwenye pipa, maji yakikifunika, wiki tatu, mpaka kikawa laini kama siagi. Jaribio la kwanza tulikiloweka siku mbili tu, lipu ikatoka vipele. Kisha ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga, nusu yake mchanga wa chengachenga. Ukuta unalowanishwa kabla, lipu inapigwa nyembamba, tabaka tatu, kila tabaka wiki nzima, na magunia mabichi yananing'inizwa mbele yake jua lisiikaushe kwa pupa. Fundi tuliyempata ni mzee aliyewahi kupiga chokaa misikitini. Alitufukuza mara mbili kwa sababu tulikuwa tunataka kumharakisha.

Chokaa mifuko 18 kwa 8,000 ni 144,000, mchanga 80,000, fundi 200,000. Jumla 424,000.

Ada ya ujinga: lipu ya Februari 417,000, kuikwangua 60,000. Jumla 477,000. Ndiyo namba kubwa kuliko zote katika safu ile mpaka leo.

27 Julai 2024: kutu, magadi na aibu ya mwalimu

Kwenye stoo tulikuta vyuma: nyundo za gangi, spana za mataruma (yale yanayolazwa chini ya reli), pingu za kushikia reli, na taa ya mkono ya gadi wa treni, ile ya vioo vitatu, cheupe, chekundu na kijani. Vyote kutu tupu. Brashi ya waya inakwangua kutu pamoja na maandishi yaliyo chini yake, kwa hiyo nikapendekeza umeme.

Vifaa: ndoo ya plastiki, maji, magadi ya jikoni kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita, chaja ya betri ya gari (tumeazima), na kipande cha nondo ya kutupa. Waya hasi unashikishwa kwenye kifaa unachokisafisha, waya chanya kwenye nondo. Vyote vinazama bila kugusana. Baada ya saa kadhaa kutu inalainika na kugeuka tope jeusi linalotoka kwa mswaki.

Mimi nafundisha somo hili kidato cha nne. Kwa majaribio nilichukua kulabu ya kuning'inizia taa, nikaunganisha, nikaenda kula. Niliporudi nondo ilikuwa inang'aa kama mpya na kulabu imebaki nyembamba kama sindano ya gunia. Waya nilikuwa nimezigeuza. Mwanafunzi wa chuo, ambaye nilimfundisha mimi, aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, chanya si ndiyo inayoliwa?"

Mengine tuliyojifunza baada ya hapo. Fanya kazi hii nje, maana hewa inayotoka ni haidrojeni, na mvuta sigara akae mbali. Usitumie kijiko au sufuria ya chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maji yatageuka sumu. Usiweke kitu cha aluminiamu wala cha bati lenye zinki. Na magadi yetu yana chumvi ndani yake, kwa hiyo ukimaliza suuza kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, mara tatu, kausha juani mara moja, paka mafuta ya mashine kabla jua halijazama. Nyundo moja tuliiacha ilale bila mafuta, asubuhi ilikuwa ya kahawia tena.

Taa ilipotoka majini, kwenye kifuniko chake zilionekana herufi EAR&H. Hilo ni shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948; bandari zilitengwa 1969. Kwa hiyo taa tumeijua umri wake kwa ndoo ya magadi ya shilingi 4,000.

Ada ya ujinga: kulabu mpya kwa mhunzi, 5,000.

21 Septemba 2024: mwaka wa uongo, kamba nne, na tiketi kumi na mbili

Bango la mlangoni tulikuwa tumeliandika "Stesheni hii ilijengwa 1896". Mwaka huo tuliupata kwa mtu, naye kwa mtu. Mstaafu wetu wa pili, aliyekuwa stesheni masta, alilisoma akacheka mpaka akakaa. Reli ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Sisi tuko mbele ya Muheza. Stesheni ingeitangulia reli kwa miaka, ikingoja.

Kijana mmoja akasema basi tusome mwaka kwenye reli zenyewe, maana ubavuni mwa reli kuna herufi zilizoinuka, jina la kiwanda na mwaka. Wazo zuri, lakini linakuambia reli ilitengenezwa lini, si njia ilijengwa lini. Reli hung'olewa zikahamishwa, na kwenye njia yetu ya pembeni, hatua ishirini tu, tumesoma miaka mitatu tofauti. Bango sasa linasema "ilijengwa baada ya 1896". Bango jipya, 25,000, limeandikwa safu ya pili.

Kwa kuwa hatuna treni, tulitafuta kitu cha kumwonyesha mtoto bila fedha. Tumenyoosha kamba za mkonge sakafuni, jozi nne: milimita 750, upana wa ile reli nyembamba ya Wajerumani iliyotoka Tengeni kwenda Sigi, chini ya Amani; 1000, upana wetu; 1067, wa TAZARA, reli ya kwenda Zambia; na 1435, wa SGR iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro mwezi Juni mwaka huu. Mtoto anasimama mguu huku mguu huku. Kwenye ya mwisho wadogo wanapasuka msamba, na hapo ndipo wanapouliza. Tunawaambia kwa nini mzigo wa reli yetu lazima uhamishwe pale Kidatu ukitaka kupanda TAZARA, na kwa nini upande wa Kenya haikuwa hivyo: wao nao walikuwa na mita moja, ndiyo maana wakati wa Vita ya Kwanza Waingereza waliweza kuivuta njia kutoka Voi mpaka ikaungana na yetu pale Kahe.

Mara ya kwanza kamba tulizipima kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine. Mzee wa gangi alichukua futi yake, akapima ndani kwa ndani, ubavu wa kichwa cha reli hadi ubavu wa kichwa cha reli. "Gurudumu linakaa ndani," akasema, basi.

Tiketi sasa. Bi mmoja alituletea kopo la maziwa lenye tiketi 41 za kadi, za marehemu mumewe. Ndizo zile ngumu, ndogo kuliko ganda la kiberiti, mtindo aliouanzisha Mwingereza Thomas Edmondson miaka ya 1830. Kila moja ina namba yake kwa mfuatano, na stesheni masta alitufundisha ujanja wake: jioni karani anatoa namba ya asubuhi kwenye namba ya jioni, anapata tiketi alizouza, na fedha lazima zilingane. Hakuna kuficha.

Kijana wetu mmoja, kwa nia njema, alizipeleka stationari kupigwa laminesheni. Zilikwisha pigwa 12 nilipopata habari nikapanda pikipiki. Plastiki ile imeyeyuka ikaingia kwenye karatasi na haitoki. Nyuma ya tiketi mbili kulikuwa na maandishi ya penseli, sasa hayasomeki. Zilizobaki 29 tumeziweka kila moja kwenye bahasha nyeupe, ndani ya kopo lenye mfuniko, na wageni wanaona picha zake tu. Shilingi 12,000 kwa laminesheni. Yule bi tulimweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, akasema mumewe naye alikuwa na haraka.

30 Novemba 2024: wizi

Mkono wa kugeuzia njia ya treni, chuma kizima cha kilo 38, umeibwa usiku. Ulikuwa uani, umeegemezwa ukutani, bila mnyororo. Tuliripoti polisi, kisha tukazunguka kwa wanunuzi wa chuma chakavu na picha kwenye simu. Kwa wa tatu tuliuona, umelala juu ya rimu za pikipiki.

Nilianza hotuba ya urithi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi nimenunua kwa kilo, nauza kwa kilo. Nilinunua mia tisa. Kwako elfu moja na mia moja, mia mbili ni ya kupakua."

Tulilipa 41,800. Wengine kwenye kikundi wanasema tulikosea, mali yetu haikupaswa kununuliwa. Labda. Lakini chuma kile asubuhi yake kingekuwa kwenye lori.

Tulichofanya baadaye: kila kitu cha chuma kimegongwa namba kwa patasi sehemu isiyoonekana, kimepigwa picha pande zote na kupimwa uzito. Vizito vimefungwa mnyororo (18,000). Na wanunuzi wote wa eneo hili wana picha zetu. Hilo la mwisho ndilo lililozaa matunda. Juzi mmoja alipiga simu, si kwa kitu chetu: ameletewa kipande cha reli chenye tundu, kimechakaa upande mmoja kwa kugongwa. Ni kengele ya stesheni, ya aina ile ya kuning'iniza na kugonga kwa bolti. Kilo 14, tumelipa 15,400, na hii imeandikwa safu ya matumizi.

22 Februari 2025: vitu tulivyokataa, na kiberenge

Habari zimeenea, watu wanaleta vitu. Tumepokea baiskeli ya Phoenix yenye kitanda cha mbao nyuma, iliyobeba mkaa na wagonjwa. Viti viwili vya mbao vya chai maharage, zile gari za Dar es Salaam ambazo abiria walikaa wakitazamana magoti kwa magoti. Na toroli ya shamba la mkonge. Tumekataa pasi saba za mkaa, cherehani na redio. Kanuni: kitu kiwe kimebeba mtu au mzigo. Kanuni hiyo ilitushinda siku msikiti ulipotupatia jeneza la zamani. Mzee wa gangi alisema hicho ndicho chombo cha usafiri kisichokosa abiria. Tulibishana Jumamosi nzima, kisha tukalirudisha kwa heshima.

Kazi kubwa ya msimu ni kiberenge cha gangi, kigari cha reli cha kusukuma, tulichokitoa kwenye majani nyuma ya kota. Magurudumu yaliganda. Tulijaribu kuyapiga, tukapasua kikombe cha beringi moja (nyingine ya kuokoteza, 22,000, ada ya ujinga). Kilichofanya kazi ni kuyaloweka kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu siku kumi, huku kila jioni mtu anayatikisa kidogo.

Hakigusi reli kuu. Kinatembea mita 40 tu za njia ya pembeni, iliyotengwa, na mwishoni kuna taruma lililofungwa kwa mnyororo juu ya reli. Taruma hilo lilituokoa. Breki ya kiberenge ni kipande cha mti kinachosukumwa kwenye gurudumu. Seremala wetu alikichonga cha mninga, na kwa kuwa kazi yake anaipenda, akakipiga vanishi. Jaribio la kwanza, vijana watatu juu, mteremko ambao kwa macho huuoni. Aliyeshika breki alibana, breki ikateleza kama sabuni. Wawili waliruka. Wa tatu alikwenda nacho mpaka kwenye taruma, akachubuka ugoko na kupoteza kiatu.

Sasa breki ni ya mwarobaini, haina vanishi wala msasa, inabadilishwa ikichakaa, na mtu anatembea nyuma ameshika kamba. Kabla ya kila safari breki inajaribiwa kiberenge kikiwa kitupu. Hospitali na kiatu, 31,000.

14 Juni 2025: tumefungua

Tumefungua kwa siku moja ya majaribio. Daftari la wageni lina majina 64, bila watoto wachanga. Kiingilio hatutozi, sanduku la mlangoni lilikuwa na 73,500 na kifungo cha shati.

"Treni iko wapi?" ni swali la karibu kila mtu. Mwanzoni tulijitetea. Mchana mama lishe aliacha chai yake akaanza kuwajibu, "Imepita. Njoo uone ilichoacha," akiwapeleka moja kwa moja kwenye kiberenge. Foleni haikukatika mpaka jioni.

Kasoro moja kubwa: ilipopita treni ya mizigo watu walikimbilia ukingoni kupiga picha, na mtoto mmoja alishuka jukwaani kabla mzee hajamdaka. Kamba ya mkonge tuliyoitegemea haizuii mtu. Kabla ya kufungua tena tunajenga uzio wa nguzo na waya upande wote wa reli, makadirio 380,000, na siku ya wageni mmoja wetu atakaa na bendera nyekundu bila kazi nyingine.

Kinachofuata baada ya uzio ni mizani ya vifurushi. Imeshasafishwa, mkono wake unacheza, lakini inasoma kwa ratili, kipimo cha zamani, na mawe yake yamepotea yote isipokuwa moja. Mwenye mawe ya mizani ya ratili, hata yaliyovunjika, hata kama sasa hivi anayazuilia mlango, atuambie. Tutakuja na pikipiki.